Mistari Miwili Kabla ya Mapambazuko

Kipimo cha mimba cha nyumbani hujibu swali moja tu. Je, wajua kukiuliza swali hilo, na nani anastahili kulisikia jibu kwanza?

Na MWANDISHI WETU

NI saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukungu umeyafunika mashamba ya chai kutoka Kericho hadi Mogogosiek, kule Bomet, na maji ya mvua ya jana jioni yangali yanadondoka kutoka kwenye mabati. Katika nyumba moja ya wafanyakazi, mwanamke ameamka kabla ya wengine. Kikapu chake cha kuchumia majani kiko mlangoni. Mkononi ana kikombe cha plastiki na kijipakiti alichokinunua jana katika kemisti, akakificha ndani ya leso ili jirani asikione.

Hedhi yake imechelewa. Kabla trekta halijaja kuchukua majani na kabla nyapara hajaanza kuita majina, anataka kujua kama ana mimba. Katika muda wa dakika tano atajua, au atadhani kwamba anajua. Kujua na kudhani, msomaji, ni mambo mawili tofauti, na makala haya yanahusu tofauti hiyo.

Mwanamke huyu hatumtaji jina kwa sababu yeye ni wengi. Huenda wewe hujawahi kuchuma jani hata moja la chai. Labda uko Nairobi, Nakuru au Eldoret, unausoma ukurasa huu huku kikombe cha chai kikipoa mbele yako. Huenda u mwanafunzi wa chuo anayeishi bwenini, mke aliyemngoja mtoto kwa miaka mitatu, mama wa binti wa shule ya upili, au mwanamume anayesikia mlango wa bafu ukifungwa na hajui kwa nini. Dakika tano hizo ni zile zile kwenu nyote.

KIPIMO HUTAFUTA NINI?

Watu wengi hudhani kwamba kipimo humtafuta mtoto. La. Hutafuta ujumbe unaotumwa na mimba iliyokwisha kujishikiza.

Yai linaporutubishwa, halikai mahali pamoja. Husafiri polepole ndani ya mrija kwa siku kadhaa hadi lifike katika mji wa mimba. Kwa kawaida hujishikiza kwenye ukuta wa mji huo kati ya siku ya 6 na ya 10 baada ya kurutubishwa, na mara nyingine huchelewa zaidi ya hapo. Ni baada ya kujishikiza ndipo mwili huanza kutoa homoni ambayo wataalamu huiita kwa kifupi hCG. Kazi yake ni kuuarifu mwili kwamba pana mgeni, hivyo hedhi isije ikamfagia.

Homoni hiyo huingia katika damu, kisha katika mkojo. Mwanzoni huwa kidogo mno, lakini katika majuma ya kwanza huongezeka karibu maradufu kila baada ya siku mbili au tatu.

Ukanda ule wa karatasi una kemikali zinazoinasa homoni hiyo. Mkojo hupanda juu ya karatasi kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi, ukibeba chembe za rangi. Ikiwa homoni imo, rangi hunaswa njiani na mstari hujitokeza. Nambari 25 ambayo huenda ukaiona kwenye pakiti nyingi ni kiwango cha chini kabisa cha homoni ambacho kipimo hicho kinaweza kukitambua. Nambari ikiwa ndogo kuliko hiyo, kipimo ni kikali zaidi.

UPIME LINI?

Hapa ndipo wengi hukosea. Haraka haraka haina baraka, na katika jambo hili haraka hukuletea jibu la uongo.

Chukua mfano wa mwanamke ambaye hedhi yake humjia kila baada ya siku 28. Ikiwa ya mwisho ilianza tarehe 1 Machi, anatarajia nyingine tarehe 29 Machi. Yai lake huenda likatoka tarehe 14 au 15. Likirutubishwa, litajishikiza kati ya tarehe 21 na 25 hivi. Sasa, akipima tarehe 23 kwa sababu ya wasiwasi, atapata jibu gani? Huenda ujumbe haujaanza hata kutumwa. Kipimo kitasema hapana, naye ataamini, ilhali mimba ipo.

Ndiyo maana ushauri ni huu: ngoja hadi siku ya kwanza ambayo hedhi ilistahili kuja lakini haikuja, au baada ya hapo. Ukiweza kungoja juma moja zaidi, jibu litakuwa la kutegemewa zaidi.

Je, kama hedhi yako haina mpangilio? Wako wanawake wengi wa namna hiyo, hasa wanaonyonyesha au walioacha karibuni sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi. Hao wahesabu siku 21 tangu mara ya mwisho walipojamiiana bila kinga, kisha wapime.

Gharama ya hapana ya mapema ni kubwa kuliko bei ya kipimo. Mchumaji majani anayeamini kwamba hana mimba ataendelea kubeba mizigo mizito hadi kituo cha kupimia, ataendelea kukubali kazi ya kunyunyiza dawa shambani, atameza dawa yoyote atakayouziwa kwa maumivu ya tumbo, na atafika kliniki mimba ikiwa na miezi mitano. Mwanafunzi naye ataendelea na pombe za Ijumaa. Hakuna kati yao aliyekuwa mzembe. Waliuliza mapema mno, basi.

HATUA KWA HATUA

Vipimo hutofautiana, kwa hiyo yasome maelezo yaliyomo ndani ya pakiti kabla ya yote. Kwa ule ukanda wa bei nafuu unaouzwa katika kemisti nyingi, utaratibu huwa hivi:

1. Nunua mahali panapoaminika. Tazama tarehe ya kuharibika kwa kipimo, na uhakikishe kwamba pakiti haijatoboka. Katika soko dogo ambako mwenye duka anamfahamu mama yako, si kosa kupanda matatu hadi Kericho mjini, Litein au Bomet ili ununue kwa utulivu.

2. Kiweke mahali pakavu. Nchi ya chai ina mvua nyingi na unyevu mwingi, na unyevu huharibu ukanda. Usikiweke jikoni karibu na moto wala katika mkoba uliolowa. Usifungue pakiti hadi uwe tayari kupima.

3. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, hasa katika siku za mwanzo. Mkojo uliokaa usiku kucha una homoni nyingi zaidi. Ukinywa vikombe vitatu vya chai kwanza, utauzimua mkojo na huenda mstari usionekane. Siku hiyo chai ingoje.

4. Kinga mkojo katika chombo safi na kikavu, kisicho na mabaki ya sabuni.

5. Chovya ukanda, mishale ikielekea chini, lakini usipitishe ule mstari wa mwisho uliochorwa. Kwa kawaida sekunde 5 hadi 10 zatosha.

6. Ulaze ukanda mahali palipo sawa na pakavu. Tazama saa. Usihesabu kwa moyo, maana moyo wenye hofu huhesabu vibaya.

7. Soma jibu katika muda ulioandikwa, ambao mara nyingi ni kati ya dakika 3 na 5. Baada ya dakika 10 usilisome tena.

KUSOMA JIBU

Ukanda una sehemu mbili. Mstari wa kwanza, ambao mara nyingi huwa na herufi C, ni wa kuthibitisha kwamba kipimo chenyewe kinafanya kazi. Mstari wa pili, wenye herufi T, ndio unaojibu swali lako.

Mstari mmoja penye C pekee: homoni haikuonekana. Mistari miwili: homoni ipo, nawe yaelekea una mimba. Penye C pasipokuwa na mstari wowote, kipimo kimeharibika, hata kama penye T pana mstari. Kitupe, utumie kingine.

Na mstari hafifu je? Ukionekana ndani ya muda uliowekwa na una rangi, huhesabiwa kuwa ndiyo, ingawa ni mwembamba kama uzi. Mara nyingi ni dalili kwamba mimba ingali changa. Pima tena baada ya siku mbili au tatu, nao utakuwa umekoza. Lakini mstari wa kijivujivu unaojitokeza baada ya nusu saa si jibu. Huo huachwa na mkojo unapokauka. Wako walioutoa ukanda kwenye pipa la taka jioni, wakaona mstari uliokuwa haupo asubuhi, wakalia au wakashangilia bure.

Ukipata hapana na hedhi bado haijaja, rudia baada ya juma moja. Ukipata hapana ya pili, usikae tu. Nenda ukamwone mhudumu wa afya, maana hedhi hukatizwa pia na mawazo mengi, kupungua uzito, maradhi na mambo mengine yanayohitaji kuchunguzwa.

Jibu la ndiyo lisilo la kweli ni nadra, ila lipo. Homoni huweza kubaki mwilini kwa majuma kadhaa baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika. Sindano za homoni hiyo, ambazo hutumiwa kuwatibu baadhi ya wanawake wanaotafuta mtoto, nazo huleta mistari miwili. Lakini vidonge vya kupanga uzazi havikibadilishi kipimo, wala pombe, wala dawa za kawaida za kuua bakteria.

Na zile mbinu za sukari, chumvi na dawa ya meno zinazosambazwa kwenye simu? Ziache. Hakuna hata moja inayoitambua homoni ya mimba. Mbinu ya kuchanganya mkojo na dawa ya kung'arishia nguo ni ya hatari, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa inayochoma mapafu.

Jambo moja lenye uzito: mistari miwili haikuonyeshi mimba iko wapi. Mimba inaweza kutunga ndani ya mrija badala ya mji wa mimba, na kipimo kitasema ndiyo vivyo hivyo. Ukihisi maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, ukitokwa na damu, ukiumwa ncha ya bega au ukahisi kuzimia, usingoje kupambazuke. Mrija ukipasuka, damu humwagikia ndani na mama anaweza kufa. Kimbia hospitali yenye chumba cha upasuaji. Huku kwenye chai wengi huelekea Kericho mjini, Kapkatet, Litein, Longisa au Tenwek.

ZAMANI JIBU LILIPITIA KWA WENGINE

Tunakichukulia kijikaratasi hiki kama kitu cha kawaida, kumbe hizi dakika tano za faragha ni jambo jipya duniani.

Wamisri wa kale walimtaka mwanamke akojolee ngano na shayiri. Mbegu zikichipuka, ikasemwa ana mimba. Mwishoni mwa miaka ya 1920, madaktari wawili wa Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, walidunga mkojo wa mwanamke katika panya wachanga wa kike, kisha wakawapasua kuchunguza ovari zao. Mnamo 1931 Wamarekani nao wakaanza kutumia sungura.

Kisha ikafika zamu ya Afrika. Katika miaka ya 1930, wanasayansi wa Cape Town walitambua kwamba chura jike mwenye makucha, anayepatikana Afrika Kusini, hutaga mayai kabla ya siku kwisha akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito. Kipimo hicho kilipewa jina la Lancelot Hogben, Mwingereza aliyefundisha huko. Kwa kuwa chura hakuuawa, aliweza kutumiwa tena na tena, na kwa miaka mingi vyura hao walisafirishwa kwa maelfu hadi Ulaya na Marekani.

Hata hivyo, awe panya, sungura au chura, mwanamke hakuwa wa kwanza kujua. Mkojo ulikwenda maabara, jibu likarudi kwa daktari, naye ndiye aliyeamua lini na vipi amwambie mwenye mwili.

Aliyelivunja jambo hilo hakuwa mwanasayansi. Margaret Crane alikuwa mchoraji wa miundo, mwenye umri wa miaka 26, aliyeajiriwa mwaka wa 1967 na kampuni ya dawa ya Organon huko New Jersey, Marekani, ili abuni vifuko na vikopo vya vipodozi. Alipoiona safu ya mirija ya vipimo vya mimba katika maabara, alijiuliza kwa nini mwanamke asijipimie nyumbani. Alitengeneza mfano wake wa kwanza kwa kijisanduku cha plastiki cha kuwekea vibanio vya karatasi. Wakubwa hawakulipenda wazo hilo, lakini kipimo hicho kilianza kuuzwa Kanada mwaka wa 1971 na Marekani mwaka wa 1977. Hataza iliandikwa kwa jina lake, naye akaiachia kampuni kwa dola 1, ambayo alisema hakuwahi kulipwa.

Na hapa hadithi inarudi Kericho kwa njia usiyoitarajia. Mwaka wa 1984 kampuni ya Unilever iliinunua Brooke Bond, iliyokuwa ikilima chai Kericho tangu miaka ya 1920. Mwaka uliofuata, tawi jingine la Unilever huko Uingereza likatoa kipimo cha mimba cha Clearblue, na mwaka wa 1988 likatoa kile cha hatua moja tu, ambacho mkojo hupanda wenyewe juu ya karatasi. Mashamba yale na kipimo kile yalikuwa chini ya mwenye mali mmoja. Tangu hapo wamiliki wamebadilika kote kuwili, lakini njia ile ya mkojo kupanda juu ya karatasi ndiyo inayotumika katika ukanda unaouzwa leo Litein.

JIBU NI LAKO KWANZA

Kwa nini basi mchumaji wetu akifiche kijipakiti ndani ya leso? Kwa sababu anaogopa mtu mwingine asilipate jibu kabla yake.

Hofu hiyo haikuzuka hewani. Mnamo Februari 2023, kipindi cha Panorama cha BBC kilitangaza maelezo ya zaidi ya wanawake 70 waliofanya kazi katika mashamba makubwa ya chai huku, ambao walisema walidhulumiwa kimapenzi na wasimamizi wao. Baadhi ya wasimamizi walisimamishwa kazi baada ya habari hizo. Mwaka uo huo, wenyeji wenye hasira waliteketeza mashine za kuchuma chai, wakisema zinawanyang'anya watu kazi. Mahali ambapo kazi ni chache na msimamizi ana nguvu, tumbo la mwanamke linaweza kugeuzwa kuwa sababu ya kumwacha nje ya orodha ya kesho.

Ni vyema basi ijulikane kwamba sheria iko upande wake. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya mimba. Inampa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kazini baada yake. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 31, inalinda siri za maisha ya mtu na familia yake.

Usidhani sheria hiyo ni ya mashamba tu, wewe mkazi wa jiji. Ikiwa umemwajiri msichana kutoka Bomet akulelee watoto, inamhusu yeye pia. Huna ruhusa ya kumsukumia kikombe cha mkojo mkononi kwa sababu amekataa kula asubuhi mbili.

Na wewe mzazi wa mwanafunzi, kumbuka kwamba nchini Kenya msichana aliyepata mimba ameruhusiwa kurudi shule tangu sera ya mwaka wa 1994, na mwongozo mpya ulitolewa mwaka wa 2020. Majirani zetu wa Tanzania waliiondoa marufuku yao mwezi Novemba 2021. Ukimshuku binti yako, kaa naye mzungumze kabla ya kumnunulia kipimo. Jibu likiwa ndiyo naye hajatimiza miaka 18, elewa kwamba aliyempa mimba huenda amevunja Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka wa 2006. Msichana anahitaji hospitali na mtu mzima wa kusimama naye, si kiboko.

Yeyote aliyelazimishwa asingoje hedhi ichelewe. Afike hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi na mimba. Simu 1195 ya usaidizi hupigwa bila malipo.

BAADA YA DAKIKA TANO

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Siri ya asubuhi ya kwanza ni haki yako, lakini siri ya miezi mitano ni hatari. Ukishaona mistari miwili, chagua mtu mmoja unayemwamini, kisha uende kliniki ya wajawazito kabla ya majuma 12 kupita. Tangu mwaka wa 2016, Shirika la Afya Duniani limependekeza mama aonwe na wahudumu mara 8 katika ujauzito, na mara ya kwanza ndiyo hiyo ya mapema.

Huko utapimwa damu, shinikizo, virusi vya Ukimwi na kaswende. Utapewa kijitabu cha mama na mtoto, na vidonge vya madini ya chuma na foliki. Ukiwa mjamzito, usikubali kazi ya kunyunyiza dawa shambani, acha pombe, na usimeze dawa bila kuuliza.

Na sasa neno kwa sisi tunaoishi kwa chai: usimeze vidonge vya chuma kwa chai. Chai huuzuia mwili usiyapate madini hayo vizuri. Vimeze kwa maji au kwa maji ya machungwa, kisha ungoje saa moja au mbili kabla ya kikombe chako. Inasikitisha kuona mama mwenye upungufu wa damu akiviteremsha kila asubuhi kwa chai ile ile aliyoichuma.

Na ikiwa jibu ni hapana nawe ulitamani ndiyo? Usijilaumu. Wanandoa wamwone daktari baada ya mwaka mmoja wa kujaribu, au baada ya miezi sita ikiwa mke amefikisha miaka 35. Waende wote wawili, kwa kuwa tatizo huenda likawa kwa mume pia. Na ikiwa jibu ni hapana ukashusha pumzi, usirudi katika hofu ile ile mwezi ujao. Kliniki ile ile itakupa njia ya kupanga uzazi.

Nawe mume, ukikuta mlango wa bafu umefungwa alfajiri, usiugonge. Chemsha maji. Atakapotoka na habari, za kheri au za kungojea, jambo la kwanza atakaloliona ni uso wako.

Kule kwenye kambi, kumekucha. Mwanamke wetu ametazama saa: dakika tano zimetimia. Mistari ni miwili, na wa pili ni mwembamba kama uzi. Ameifunga karatasi ndani ya gazeti na kuitupa chooni. Leo atachuma kama kawaida, lakini mzigo hataujaza hadi juu, na zamu ya kunyunyiza dawa ataikataa. Alhamisi ni siku yake ya mapumziko. Hajamwambia mtu bado, ila ameshaamua: Alhamisi atakwenda kliniki, naye dada yake atamsindikiza.